Vazi Chini ya Vazi: Karamu ya Ushindi Inapotazamwa Kutokea Dzaleka

Mara ya kwanza nilipotafsiri kipindi hiki niliruka neno moja, na insha hii imetokana na neno hilo.

Ilikuwa Lilongwe, mwaka 2022, katika chumba cha kupanga Area 25. Kila Jumapili jioni tulikutana watu wanane au kumi, wengi wetu kutoka Kivu ya Kusini na Burundi, kutazama tamthilia za zamani za upelelezi kwenye kompyuta mpakato. Tamthilia zenyewe zilitufikia kwa flashi, kutoka mkono hadi mkono, bila mpangilio wowote. Mimi nilikuwa mtafsiri. Nilikaa kando ya kioo na kusema kwa Kiswahili yale wanayoyasema Waingereza, kwa haraka, kama wafanyavyo watafsiri wa vibanda vya video vya Dar es Salaam na Kampala. Mtafsiri wa namna hiyo hana muda wa kufikiri. Neno gumu likija analiruka na kuendelea, maana mtu ameshauawa na watazamaji wanataka kumjua muuaji.

Tamthilia tuliyoipenda kuliko zote ni ya Hercule Poirot, mpelelezi Mbelgiji aliyebuniwa na mwandishi Agatha Christie. Namaanisha ile iliyoigizwa na David Suchet katika televisheni ya ITV ya Uingereza kuanzia mwaka 1989 hadi 2013, vipindi 70 kwa jumla. Kipindi ninachokizungumzia kinaitwa "The Affair at the Victory Ball", yaani Kisa cha Karamu ya Ushindi, na kilionyeshwa mara ya kwanza mwezi Machi 1991. Kinahusu usiku wa dansi ambapo wageni wamevaa mavazi ya kuigiza, na baadhi yao wamejipamba kama wahusika wa kanivali za kale za Italia. Mwaka ule wa 2022 nilisema tu: "Wako kwenye dansi." Ushindi niliuacha.

Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliagiza wakimbizi wanaoishi nje ya kambi warudi Dzaleka, wilayani Dowa, takriban kilomita 45 kutoka Lilongwe. Kikundi chetu nacho kikahamia huko, pamoja na kompyuta yake. Mwishoni mwa mwaka 2024, watu wakiwa bado wanazungumzia muziki na mavazi ya tamasha la Tumaini, mtu mmoja akaomba tukitazame tena "kile cha wenye barakoa". Safari hii nilikuwa mwanafunzi wa historia na nilijitahidi kutafsiri kila kitu. Nikasema: "Wako kwenye Karamu ya Ushindi." Mama mmoja anayeuza maandazi sokoni, ambaye kwa kawaida husinzia kabla ya maiti ya pili, akainua kichwa.

"Ushindi wa nini, mwanangu? Nani alimushinda nani?"

Nikasimamisha kompyuta. Sikuwa na jibu. Insha hii ni jaribio la kumjibu mama huyo. Nitadai kwamba kipindi hiki cha burudani kimejengwa juu ya vita ambavyo babu zetu walivipigana na kuvibebea mizigo, na kwamba mpelelezi wake ni mkimbizi ambaye historia yake haiko mbali na yetu. Mambo hayo mawili yamefunikwa kwa mavazi mazuri. Kuyaona kunahitaji kutazama mara ya pili, na kutazama kutokea mahali fulani.

Kisa chenyewe

Kwa msomaji ambaye hajakitazama, nitakieleza kisa hadi mwisho, kwa sababu hoja yangu imo katika namna fumbo linavyofumbuliwa. Watu sita wanakwenda karamuni pamoja wakiwa wamevaa kama wahusika wa vichekesho vya kale vya Italia. Bwana Cronshaw, kijana wa kikabaila, amevaa kama Harlequin. Vazi hilo hubana mwili na limejaa viraka vya rangi. Mwigizaji Chris Davidson amevaa kama Pierrot, kwa vazi pana linalopwaya. Usiku huo Cronshaw anakutwa amelala sakafuni, amechomwa kisu kifuani. Baadaye msichana Coco Courtenay, aliyekuwa karibu naye, naye anakutwa amekufa kwa kuzidisha kokeini. Katika mkono wa Cronshaw kuna kishada cha nyuzi kilichonyofolewa kwenye vazi la mtu.

Mashahidi wanasema walimwona Harlequin akiwa hai muda mfupi kabla ya mwili kupatikana. Lakini mwili umeshakakamaa, na maiti haikakamai kwa dakika kumi. Nani wa kuaminiwa, watu au maiti? Poirot anawaamini wote. Mashahidi walimwona Harlequin kweli, ila aliyekuwa ndani ya vazi hakuwa Cronshaw. Davidson alikuwa amevaa vazi la Harlequin chini ya vazi lake la Pierrot. Alimuua Cronshaw mapema, akavua la juu, akajionyesha kwa watu kama Harlequin, kisha akarudi kuwa Pierrot. Vazi linalobana haliwezi kuficha jingine, lakini linalopwaya linaweza.

Katika toleo la televisheni Poirot anayafumbua hayo yote ndani ya studio ya BBC, redioni, nchi nzima ikisikiliza. Muuaji anakamatwa. Halafu wasikilizaji wanapiga simu kulalamika, na malalamiko yao hayahusu mauaji. Yanahusu Kiingereza kilivyovurugwa hewani. Chumba chetu kilicheka hapo mara zote mbili, Lilongwe na Dzaleka. Nadhani kila aliyekuwapo amewahi kusahihishwa matamshi akiwa katikati ya kueleza jambo la kweli.

Ushindi wa nani?

Hadithi iliyozaa kipindi hiki ilichapishwa katika jarida la The Sketch la London mwezi Machi 1923, na ndiyo hadithi fupi ya kwanza ya Poirot kutoka gazetini. Kwa msomaji wa mwaka ule, neno "ushindi" halikuhitaji maelezo. Lilikuwa ushindi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyosimamishwa Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Karamu za namna hiyo zilifanyika kweli. Iliyo maarufu zaidi ilifanyika katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, tarehe 27 Novemba 1918. Mwigizaji kijana, Billie Carleton, alihudhuria karamu hiyo, na kesho yake alikutwa amekufa. Kesi ya dawa za kulevya iliyofuata ilijaza magazeti. Wasomaji wengi wa Christie huona kivuli cha msichana huyo nyuma ya Coco wa kwenye hadithi.

Watayarishaji wa televisheni walizihamishia karibu hadithi zote za Poirot katika miaka ya 1930, miaka ya magari mazuri na majengo mapya. Kwa hiyo katika kipindi vita vimeshakuwa mbali, na ushindi umebaki jina la sherehe tu. Mtazamaji anaweza kufika mwisho bila kujiuliza ushindi huo ulitoka wapi. Mimi nilifanya hivyo, tena nikiwa mtafsiri.

Sasa tuiweke tarehe ile, 27 Novemba 1918, kwenye ramani ya huku kwetu. Siku mbili kabla yake, tarehe 25 Novemba, Jenerali wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa amesalimisha silaha huko Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, kaskazini mwa Zambia. Vita vilikuwa vimekwisha Ulaya wiki mbili kabla, lakini habari zilichelewa kumfikia porini. Wakati mafundi wa London wanamalizia kushona mavazi ya karamu, bado kulikuwa na wapagazi njiani kati ya Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na Tanganyika wakiwa na mizigo vichwani.

Vita hivyo vilianza mapema hapa. Mwezi Septemba 1914 majeshi yalipigana Karonga, kwenye kona ya kaskazini ya Malawi ya leo, iliyokuwa Nyasaland. Miezi miwili baadaye Mchungaji John Chilembwe aliandika barua gazetini akihoji kwa nini Waafrika wanafia vita visivyo vyao. Mwezi Januari 1915 aliongoza uasi, na mwanzoni mwa Februari akauawa. Sura yake tunaishika mikononi kwenye noti za kwacha, pengine tunapolipia maandazi ya mama yule.

Upande wa magharibi, jeshi la Kongo ya Kibelgiji liliingia Rwanda na Burundi mwaka 1916, likateka Tabora mwezi Septemba mwaka huohuo. Baada ya vita Ubelgiji ilipewa Ruanda-Urundi iitawale kwa dhamana ya Umoja wa Mataifa wa wakati ule. Mipaka na tawala zilizofuata ndizo zilizoziunda nchi ambazo wengi wa wakazi wa Dzaleka wamezikimbia. Kwa maana hiyo, sisi pia tulihusika na karamu ile, ingawa jina letu halikuwa kwenye kadi.

Majeshi hayo hayakuwa na magari ya kutosha wala reli kila mahali, na mbung'o waliua wanyama wa mizigo. Chakula, risasi na hata vipande vya mizinga vilibebwa na watu. Waingereza peke yao waliandikisha mamia ya maelfu ya wapagazi katika Afrika Mashariki na Kati. Nyasaland waliitwa tengatenga. Wapagazi karibu laki moja wa upande wa Waingereza walikufa, zaidi kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Kumbukumbu yao imebaki katika majina ya mitaa: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariakor ya Nairobi zote zimetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Tunapokwenda sokoni Kariakoo tunanunua viatu juu ya kambi ya zamani ya watu waliotembea bila viatu.

Na sisi tulivaa

Ingekuwa rahisi kumaliza hapo na kusema: wao walicheza, sisi tulibeba. Lakini historia haikuwa nyepesi hivyo, kwa sababu na sisi tulicheza, tena kwa mavazi.

Kabla ya vita, katika miji ya pwani kama Lamu na Mombasa, vijana walikuwa wameanzisha ngoma ya beni, jina lililotokana na bendi za Kizungu. Walipiga tarumbeta na ngoma kubwa, wakaandamana kwa safu, wakavaa sare, wakapeana vyeo vya mfalme, jenerali, gavana na daktari. Makundi mawili yaliyojulikana sana, Marini na Arinoti, yalienea hadi bara. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya ngoma hii, kilichotoka mwaka 1975, na alionyesha jinsi vita vilivyoisambaza. Askari na wapagazi waliibeba pamoja na mizigo yao, wakarudi nayo nyumbani. Hapa Malawi beni ilikita mizizi kusini miongoni mwa Wayao, na ndugu zake malipenga na mganda bado huchezwa kando ya ziwa, wachezaji wakiwa wamevaa nguo zilizopigwa pasi na kupanga mistari kama gwaride. Ngoma hiyo ilifika hata kwenye miji ya migodi ya Katanga.

Beni ilikuwa nini? Wakoloni wengine waliiogopa wakidhani ni jeshi la siri, na wengine waliicheka wakiiona ni kuiga tu. Naamini mbinu ya Poirot inatusaidia hapa. Mashahidi walimwona kanali, na kweli palikuwa na vazi la kanali. Ndani yake alikuwa mpagazi aliyetoka kuzika wenzake, akijipangia cheo ambacho hakuna aliyempa. London, mtu mwenye cheo alivaa kama mchekeshaji kwa usiku mmoja. Huku, mtu asiye na cheo alivaa kama jenerali, na akimaliza ngoma alivua sare akarudi shambani kwa bwana. Zote mbili zilikuwa karamu za ushindi wa vita vilevile. Moja imeingia kwenye tamthilia ya dunia nzima. Nyingine lazima umwulize mzee wa Mangochi.

Mkimbizi mpelelezi

Tulipofika hapa katika mazungumzo, mzee mmoja aliyesomea Bukavu enzi za Zaire, na aliyekuwa akimsoma Poirot kwa Kifaransa tangu ujana wake, akatukumbusha jambo ambalo vijana hatukulijua: Poirot ni mkimbizi. Katika riwaya yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1920, Poirot anaishi katika kijiji cha Kiingereza pamoja na Wabelgiji wenzake waliokimbia vita, wakifadhiliwa na mama mmoja tajiri. Mama huyo ndiye anayeuawa, na mkimbizi aliyelishwa naye ndiye anayetafuta haki yake. Riwaya hiyo nayo iliingizwa katika tamthilia ileile mwaka 1990.

Chumba kilipasuka kwa kelele. Kijana mmoja akauliza: "Mzee, Mubelgiji anaweza kuwa mukimbizi? Kwetu si alikuwa bwana mukubwa?"

Mzee akajibu: "Alikuwa vyote viwili, mwanangu. Bwana huku, mukimbizi kule. Wakati mumoja."

Jibu la mzee ni sahihi kihistoria. Ujerumani iliivamia Ubelgiji tarehe 4 Agosti 1914, na takriban Wabelgiji 250,000 walikimbilia Uingereza. Baadhi yao walifikia Torquay, mji wa Christie, na mwandishi mwenyewe alieleza baadaye kwamba ndio waliompa wazo la mpelelezi wake. Mwanzoni walipokewa kwa maua na chai. Vita vilipokawia, ukarimu ukapungua, na watu wakaanza kunong'ona juu ya kazi na nyumba.

Kaskazini mwa Uingereza, huko Birtley, Wabelgiji walifanya kazi katika viwanda vya makombora na kujengewa kijiji chao. Kilikuwa na uzio, polisi wa Kibelgiji, shule, hospitali, kanisa na makaburi, na watu takriban 6,000. Kijiji hicho kiliitwa Elisabethville, kwa jina la malkia wao. Waliokuwapo kutoka Katanga waliposikia hilo walinyamaza kidogo, kwa sababu Elisabethville ndilo jina la kikoloni la Lubumbashi, mji ulioanzishwa mwaka 1910 na kupewa jina la malkia huyohuyo. Katika miaka ileile, basi, palikuwa na Elisabethville mbili. Katika moja Mbelgiji alikuwa mgeni ndani ya uzio. Katika nyingine yeye ndiye aliyeamua Mwafrika alale mtaa gani.

Sisemi haya ili tuwacheke wakimbizi wa Birtley. Mtoto wa Kibelgiji aliyevuka bahari mwaka 1914 hakuwa ameteka Tabora. Ninachosema ni kwamba ukimbizi si kabila wala rangi ya ngozi, ni hali inayomfika mtu vita vinapopita mlangoni kwake. Watu wengi huizungumzia kana kwamba ilianzia Afrika. Kipindi cha Jumapili kilitosha kutuonyesha kwamba mkimbizi anayejulikana kuliko wote katika riwaya za upelelezi alitoka Ulaya.

Kambi na kazi

Hapa ndipo ulinganisho unapouma. Wabelgiji wa Uingereza walifanya kazi, kwa sababu vita vilihitaji mikono yao. Poirot wa hadithi alifungua ofisi London na kuwa tajiri. Vita vilipokwisha, Wabelgiji halisi walimalizwa mikataba, wakapewa tiketi za bure za kurudi, na wengi mno walikuwa wameondoka kabla ya mwaka 1919 kwisha. Walikuwa na mahali pa kurudi, na meli ilikuwa inangoja.

Malawi iliridhia Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 hapo mwaka 1987, lakini iliweka masharti juu ya baadhi ya vifungu, vikiwamo vya ajira ya mshahara na uhuru wa kwenda utakako. Dzaleka ilifunguliwa kama kambi mwaka 1994 kwa ajili ya watu elfu kumi na kidogo, na leo ina zaidi ya 50,000. Haki itendeke: Malawi si nchi tajiri, na kabla yetu iliwahi kuwapokea Wamsumbiji zaidi ya milioni moja waliokimbia vita. Wenyeji wa Dowa nao wanahitaji ardhi, kazi na vitabu vya shule. Hata hivyo, mtu aliyezaliwa Dzaleka mwaka ule wa 1994 sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Poirot naye angekuwa nani, kama mwaka 1916 angeambiwa akili yake aitumie ndani ya uzio tu?

Mhadhiri mmoja aliyesoma rasimu ya insha hii aliniuliza kama ni halali kumtumia mhusika wa kubuni kama ushahidi wa historia. Swali ni la haki. Poirot hawezi kuthibitisha jinsi Wabelgiji walivyoishi. Kwa hilo kuna Birtley, kuna takwimu, kuna makaburi. Lakini anathibitisha jambo jingine: kwamba mwaka 1920 msomaji wa Uingereza aliweza kumwamini mkimbizi mwenye lafudhi ngeni kuwa ndiye mwenye akili kuliko wote chumbani. Hadithi ni ushahidi mzuri wa kile ambacho watu wa wakati fulani waliweza kukikubali.

Pana sababu ya mwisho ya kipindi hiki kutugusa zaidi Dzaleka kuliko kilivyotugusa Lilongwe. Kilipoonyeshwa Uingereza mwaka 1991, Malawi ilikuwa bado chini ya chama kimoja cha Dkt. Hastings Kamuzu Banda. Nchi haikuwa na televisheni ya taifa, nayo haikuja hadi mwaka 1999. Na jina la Dzaleka lilikuwa jina la gereza walimofungwa wapinzani wa kisiasa. Wengi hulieleza jina hilo kuwa ni maneno ya toba ya Kichewa, ya mtu anayeapa kutorudia tena. Watu walifungwa bila kesi, yaani bila mtu yeyote kulazimika kuonyesha kishada kilichonyofolewa. Tamthilia ya upelelezi, hata ikiwa ya kipuuzi, ina sharti moja: huwezi kumtia mtu hatiani mpaka ueleze kila alama. Kuitazama mahali ambapo sharti hilo lilivunjwa kwa miaka mingi si jambo dogo.

Sisi wenyewe tunaujua mtihani wa ushahidi kutoka upande mwingine. Kila mkimbizi amewahi kukaa mbele ya meza na kuulizwa tarehe, majina ya vijiji, rangi ya gari, nani alitoka kwanza mlangoni. Asiyekumbuka sawasawa huonekana mwongo. Poirot alipoambiwa mambo mawili yanayopingana, kwamba Harlequin alionekana hai na kwamba mwili umekakamaa, hakukimbilia kusema kuna mwongo. Alitafuta maelezo ambamo wote wawili wanasema kweli. Nadhani hiyo ndiyo sababu wenzangu wanampenda mzee huyu mwenye masharubu, kuliko bunduki zote za filamu nyingine.

Hitimisho

Nilianza kwa neno nililoliruka. Niliporudi kulitafuta nilikuta chini yake Karonga na Tabora, wapagazi wasio na majina, ngoma ya beni, Elisabethville mbili, na mkimbizi ambaye televisheni imemvika suti nzuri hadi tukasahau alikotoka. Vazi la ushindi hupwaya. Linaweza kufunika mengi, na mashahidi waaminifu wakaapa kwamba wameliona hilo tu. Kazi ya mwanafunzi wa historia ni ileile ya kuuliza chini yake kuna nini, na sisi tulioko mahali kama Dzaleka tuna sababu zetu za kuuliza.

Jumapili iliyofuata nilimweleza mama muuza maandazi niliyoyapata. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema babu yake, huko Fizi, alikuwa akisimuliwa kama mtu aliyekwenda "vita ya Tabora" na kurudi na bega moja limeshuka, na kwamba hakuwahi kuelewa ni vita gani. Kisha akaniambia: "Basi siku ingine sema hivyo."

Nimejaribu. Tulipokitazama kwa mara ya tatu nilisema: "Wako kwenye Karamu ya Ushindi, ushindi wa vita ile ambayo babu zetu walibeba mizigo mpaka Tabora." Ni maneno mengi kuliko muda uliopo. Kabla sijamaliza, Harlequin alikuwa ameshapita, na ikabidi turudishe nyuma ili kila mtu amwone.